Mikono Ubavuni mwa Boti

Boti ilipoletwa nyumbani ilibidi geti ling'olewe, kamba ya nguo ishushwe, na tangi la maji lisogezwe mpaka likaziba nusu ya dirisha la jikoni. Hata hivyo iliingia kwa kubanabana, ikiparuza ukuta, huku wanaume walioisukuma wakielekezana wote kwa wakati mmoja na hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Mwisho ikakalishwa juu ya matairi mabovu na mbao nene, ikaujaza uwanja wote. Kuanzia siku hiyo, aliyetaka kwenda chooni alipita ubavuubavu, tumbo lake likigusana na tumbo la boti.

Ilikuwa boti ya uvuvi ya faiba, kuukuu, rangi yake ya buluu imepauka mpaka ikawa haina jina. Sehemu inayokaa ndani ya maji ilikuwa imetoka malengelenge kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Mwenyewe alikuwa Mzee Okoa, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea na daktari amemwambia apunguze bahari. Sasa alikuwa anamwachia mwanawe, Shoto, aliyeitwa hivyo kwa sababu tangu utotoni kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto. Na Shoto hakuona sababu ya kutafuta fundi mbali ilhali fundi analala naye kitanda kimoja.

Fundi huyo alikuwa mkewe. Kabla ya kuolewa alifanya kazi gereji, akinyoosha bodi za magari na kupiga rangi, na huko ndiko alikopewa jina la Msasa. Jina lilimfuata hadi kwenye ndoa. Hata mama mkwe wake, mpaka anaingia kaburini, alimwita mwanangu Msasa. Alikuwa na vidole ambavyo vingeweza kupita juu ya mlango wa gari, macho yamefumbwa, na kusimama penye kibonyeo kisichozidi unene wa unywele. Alimweleza mumewe kwamba kazi itachukua muda: rangi yote ya zamani ibanduliwe, malengelenge yapasuliwe, bodi iachwe ikauke, ndipo ije filla ya kuziba mashimo, msasa, praima, na rangi mwisho kabisa. Shoto alisema haya, yeye ni nani wa kubishana na fundi.

Vumbi la faiba ni baya. Huwasha ngozi na kukaba kifua. Msasa alivaa barakoa na miwani, akajifunga kitambaa kichwani, akafunga madirisha, akawaomba majirani waanue nguo zao. Haikuhitajika. Vumbi lililotoka kwenye ile boti halikwenda kwa jirani, wala halikuingia ndani, wala halikumtua yeye aliyelitimua. Lilipanda kidogo, likakata kona kwenye tangi la maji, likaenda barazani kumwangukia Mzee Okoa aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na redio mapajani. Lilimkaa kwenye nywele, kwenye kope, kwenye mikunjo ya shingo. Upepo uvume kutoka huku au kule, lilikuwa lile lile. Alipohamia sebuleni lilimfuata sebuleni, na mjukuu wake aliyekuwa amemwegemea akatoka safi kama alivyoingia. Mzee aliomba kitambaa kibichi, akajifuta uso, akaongeza sauti ya redio. Kuanzia hapo Msasa akawa anampelekea maji ya kuoga kabla ya wengine.

Jina la Okoa mzee huyo alipewa na mji. Zamani, kabla Msasa hajaja kuolewa, boti ya abiria iliyokuwa ikivusha watu ghubani ilizama alasiri moja ya bahari chafu. Kesho yake asubuhi yeye ndiye aliyetoka na boti yake kwenda kutafuta, na akaendelea kutoka siku baada ya siku hata wengine walipokata tamaa, akiwarudisha maiti mmoja mmoja wamefunikwa tanga jipya, na hakupokea hata shukrani ya kikombe cha chai. Wavuvi wakamfanya mwenyekiti wao. Watu wakamwita Okoa. Kwamba hakuna hata mmoja aliyemleta akiwa hai, hakuna aliyeona kuwa ni kasoro katika jina.

Malengelenge yalipopasuliwa yalitoa maji. Hilo ni la kawaida. Faiba iliyokaa sana baharini hunywa maji kidogo kidogo na kuyaficha chini ya ngozi, na ukiitoboa hulia matone mawili matatu yenye harufu ya siki. Haya hayakuwa na harufu ya siki. Yalikuwa maji ya chumvi, ya uvuguvugu, na hayakukoma. Msasa aliweka beseni chini, likajaa, akalimwaga, akaliweka tena. Alifanya hivyo huku anaosha vyombo na kupika, kama mtu anayekinga paa linalovuja. Mwishowe maji yakakatika yenyewe, akaiacha boti juani ikauke.

Mkono wa kwanza ulitokea ubavu wa kulia, shibiri moja juu ya mstari wa maji. Msasa aliuhisi kabla hajauona: vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya bodi, vikatumbukia. Akapangusa vumbi. Ilikuwa alama ya kiganja cha mtu mzima, imedidimia ndani ya faiba kama iliyobonyezwa kwenye udongo wa mfinyanzi, vidole vimetanuliwa, mistari ya kiganja inasomeka. Alidhani ni uzembe wa kiwandani, mtu kaegemea kabla rezini haijashika. Kisha akakumbuka kwamba bodi ya boti humiminwa ndani ya kalibu, ngozi yake ya nje ikiwa imegusana na kalibu, na hakuna binadamu anayeweza kuiegemea kwa nje. Akachanganya filla na hadna ya kuigandisha, akaziba, akaenda kuinjika chakula.

Alipotoka baada ya kula, filla ilikuwa chini. Haikuwa imevunjika. Ilikuwa imekauka vizuri, imetoka nzima kama barafu inavyotoka kwenye kikombe, na ilikuwa kiganja. Msasa alilaumu hadna. Akachanganya nyingine, safari hii kali zaidi, nayo ikatoka vilevile. Alipoendelea kubandua rangi akapata mkono wa pili, kisha miwili ya mtu mmoja, vidole gumba vimeelekeana, kisha mingine mingi, mpaka ubavu wote wa kulia ukawa mikono. Mingine ilishika kwa kiganja kizima. Mingine ilikuwa ncha za vidole tu, kama ya mtu aliyefika mwisho wa pumzi. Pengine mkono mmoja ulikuwa juu ya mwingine. Yote ilielekea juu.

Msasa aliziba yote, kwa sababu kazi ni kazi, na yote ikatema filla. Akaviokota vile viganja akavitia kwenye ndoo. Ndoo ilipojaa akavipanga dirishani. Shoto aliporudi kutoka bandarini alivitazama, akaitazama boti, akasema faiba ya zamani ina mambo yake. Kisha akauliza kama chakula kipo.

Mkono mdogo ulikuwa juu kabisa, peke yake. Haukuwa ubavuni, ulikuwa umevuka ukingo, vidole vyake vimeshika kwa ndani ya boti. Chini yake, kwa nje, palikuwa na alama mbili za mikono ya mtu mzima zilizokaa vibaya, migongo kwa bodi, kama za mtu aliyekuwa amebeba kitu kukipandisha. Na juu ya ukingo, pale pale kwenye vile vidole vidogo, palikuwa na pengo. Msasa alikwisha kuyaona mapengo hayo ukingo mzima. Tangu alipoolewa aliambiwa ni ya nanga, ati nanga ilikuwa ikipandishwa ovyo. Sasa alipoyapapasa, macho yamefumbwa, vidole vyake vikamwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba hayo si ya chuma, ni ya mti, ni ya kasia. La pili, kwamba yalipigwa na watu wawili waliosimama bega kwa bega. Mmoja alipiga mapigo yaliyolalia mkono wa kulia, mazito, ya mtu mzima. Mapigo ya mwingine yalikuwa mepesi, yalilalia upande wa pili.

Alimngoja mumewe arudi. Alimwonyesha mapengo, akayapitishia kidole moja moja, ya kulia kisha ya kushoto. Jasho lilimtoka Shoto, akalifuta kwa bega.

"Weka filla nyingine," akasema. "Ongeza hadna."

"Haikai."

"Basi ongeza."

Akaingia ndani kubadili nguo. Msasa aliwatengea chakula kama kawaida. Walipokuwa wakila alijikuta anautazama mkono wa kushoto wa mumewe, unavyokwenda kwenye sahani na kurudi mdomoni, mkono ambao alikuwa ameupenda tangu siku za uchumba kwa sababu ulikuwa unamshika upande ambao wengine hawashiki. Ulikuwa mkono wa kawaida. Kuanzia siku ile hakuwahi tena kumpa kitu mkononi. Chai aliiweka mezani. Funguo aliziweka mezani. Akahamia kulala na binti yake, na Shoto hakuuliza kwa nini.

Huyo binti ndiye aliyelitoa neno nje. Alikuwa na umri wa kuanza tu kusoma, na siku moja alipotoka shule alipanda juu ya tairi, akautia mkono wake ndani ya ule mdogo. Ulimtosha sawasawa, kidole kwa kidole, ila kile cha mwisho. Akamwambia mama yake kwamba mwenzake ana kidole kimepinda. Msasa alimshusha, akamnawisha mikono, akamwambia aende kucheza. Kesho yake mtoto akaenda kumsimulia mwalimu wake kwamba kwao kuna boti ina mkono wa mtoto wenye kidole kilichopinda.

Mwalimu alifika alasiri, bado amevaa nguo za kazi, na mfuko wa madaftari ya kusahihisha begani. Kwanza alipita barazani kumwamkia Mzee Okoa, maana huingii kwa watu ukamruka mkubwa wao. Mzee, mweupe kwa vumbi, alimuuliza habari za shule. Mwalimu alisema ni nzuri. Katika ile ajali ya ghubani alikuwa amempoteza mama yake mzazi na mtoto wake wa kwanza, waliokuwa wanakwenda ng'ambo kutembelea ndugu. Mama alipatikana, Mzee Okoa ndiye aliyemleta. Mtoto hakupatikana. Hivyo mwalimu alimshukuru, kama alivyomshukuru kila walipoonana miaka yote hiyo, kisha akaja uani.

Msasa alimwekea ndoo iliyopinduliwa, akapanda. Mwalimu aliutazama ule mkono. Akautazama wake mwenyewe, ambao kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama cha mama yake. Kisha akauweka wake juu ya ule mdogo, taratibu, kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

"Ni wake," akasema.

Hakulia. Akauliza kama siku zote mkono huo huwa na joto. Msasa alimjibu kwamba mchana ndiyo, lakini asubuhi huwa wa baridi na ngozi ya vidole imejikunja, kama ya mtu aliyefua nguo nyingi. Mwalimu akatikisa kichwa. Kidole chake kikapanda mpaka kwenye lile pengo, kikaingia.

"Na hili?"

"La kasia," alisema Msasa.

"Kasia la nani?"

Jibu lilitoka barazani. Mzee Okoa alikuwa amepunguza redio.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni ilipo posta, "boti hii ni ya watu sita. Imeandikwa pale nyuma. Siku ile tulikuwa wanne, na samaki nao ni mzigo."

Nyumba nzima ilisikia. Shoto, aliyekuwa chumbani, alisikia. Mwalimu aligeuka, akamtazama yule mzee, na midomo yake ikafunguka. Lakini mtu aliyekuletea maiti wako nyumbani, amemfunika vizuri, hujui umkasirikie kuanzia wapi.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. Kisha akamuuliza Msasa kama anaweza kuja tena kesho.

Akawa anakuja kila anapotoka kazini. Alikaa kwenye kiti kirefu ambacho Msasa alimwazimia kwa jirani, mkono wa kushoto ndani ya mkono wa mwanawe, wa kulia unasahihisha madaftari. Wakati mwingine alimsomea hesabu zilizokosewa. Na kwa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, wengine nao wakaanza kuja. Alikuja mchoma chuma akampata kaka yake kwa kovu la gumba. Alikuja bibi mmoja akapapasa ubavu mzima, akampata mumewe, akasema alikuwa anajua tu, yule bwana hakuwa mtu wa kuzama bila kushika kitu. Waliojikuta wengi mahali pamoja walipishana kwa zamu. Msasa aliweka benchi. Wengine waliomba vile viganja vya filla, akawafungia kwenye gazeti, wakaenda navyo kwao.

Wote walipita kwanza barazani. Walimwamkia mzee, wakaulizana hali, wakampa pole ya magoti. Wengine walimsaidia kujifuta vumbi mgongoni, mahali asipofika mwenyewe. Msasa alikuwa akiyaona hayo kwenye dirisha la jikoni, kwenye ile nusu iliyobaki wazi, na kila siku alisubiri mmoja wao aseme neno. Aliwaza kulisema yeye. Alilipanga hata maneno yake, akayarudia huku anakuna nazi, na maneno yalikuwa mazuri. Lakini alikuwa mke wa mwana, na alikuwa anakula samaki wa nyumba ile tangu aolewe, na meno ya mtoto wake yalikuzwa na samaki wale. Akikaribia baraza maneno yanamshuka, anauliza kama mzee angependa chai.

Kamati ya wavuvi ilikuja rasmi, wamevaa mashati. Walizunguka boti, wakanong'ona, wakakaa kwenye benchi. Mwishowe msemaji wao alieleza kwamba jambo limeonekana, na hakuna anayelikana, na ni jambo zito. Lakini uongozi wa mwenyekiti haujafika mwisho, na kumwondoa mtu katikati ya msimu kungeleta mgawanyiko. Walimwomba mzee aendelee kuwaongoza. Mzee alisema hana kinyongo.

Baada yao alikuja mkaguzi wa vyombo vya majini, maana boti ikitengenezwa upya lazima ikaguliwe. Alikuwa mtu makini. Aligonga bodi kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akasema iko imara. Akauliza kama mikono ile ihesabiwe kuwa abiria. Alilifikiria hilo kwa dhati, akizunguka huku amefunga mikono nyuma, kisha akaamua kwamba abiria ni mtu mwenye kichwa. Akathibitisha kuwa boti ni ya watu sita. Kabla hajaondoka alirudi ubavu wa kulia, akatazama huku na huku, akaupachika mkono wake kwenye mmoja uliokuwa karibu na nyuma, akauacha hapo kidogo. "Mjomba," alisema. Akaenda zake.

Shoto alichoka. Alitaka uwanja wake, alitaka bahari yake, na alitaka watu waache kumwamkia kwa upole. Siku ambayo Msasa alikuwa amekwenda sokoni alinunua rangi nyeupe, akachukua rola, akaipaka boti yote peke yake, tabaka juu ya tabaka. Rangi ilishika kila mahali isipokuwa kwenye mikono. Kwenye mikono iliteleza kama maji kwenye jani la yugwa, ikachuruzika mpaka chini. Msasa alimkuta amekaa kwenye matofali, rola imemlalia mapajani, nyeupe hadi viwikoni.

"Imeharibika?" Shoto akauliza.

"Inarekebishika."

"Fanya unavyoona."

Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza hivyo tangu yale mapengo, na Msasa aliona kwamba anamhurumia, na kwamba huruma ile haibadilishi kitu. Alitamani amwambie aseme. Si kwa mji, kwake tu. Alingoja. Shoto aliinuka, akaenda kunawa kwa thina.

Basi akaifanya kazi jinsi vidole vyake vilivyomwambia. Alikwangua ile rangi ya rola iliyopakwa kwa hasira. Akapiga msasa mkavu, kisha wa maji, mpaka bodi ikawa laini kama shavu. Akapuliza praima. Kisha akaweka bunduki ya rangi kando, akachukua brashi nyembamba ya kuandikia namba za magari, akazunguka kila mkono, kidole kwa kidole, akiuacha katika kijivu chake cha faiba. Ilimchukua siku nyingi. Mwalimu alimshikia kopo. Katikati ya mikono alipuliza buluu, tabaka nyembamba nyembamba, na ilipokauka boti ilikuwa nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani, hilo hata maadui wa Shoto walikiri. Mapengo ya ukingoni hakuyaziba. Aliyapiga msasa tu, yasije yakamchana mtu.

Siku ya kuishusha majini geti liling'olewa tena. Watu walijaa hata barabarani, wote wale waliokuwa wakija, na wengine. Boti ilipakiwa kwenye toroli ndefu mpaka ufukoni, na kutoka hapo ikabidi isukumwe kwa nguvu za watu. Hakuna aliyepanga nani ashike wapi. Kila mmoja alikwenda kwa wake: mchoma chuma kwa kaka yake, bibi kwa mumewe, mwalimu ukingoni. Wakatia mikono yao ndani ya ile mikono, na ilikuwa mahali pazuri pa kushika, hapatelezi. Walisukuma kwa kuimbiana hesabu, na boti ikateremka kwa urahisi kuliko ilivyotarajiwa. Upande wa kushoto, usio na mikono, Shoto alisukuma karibu peke yake.

Mzee Okoa alibebwa mgongoni, akakalishwa mbele, kwa heshima. Safari ya kwanza ilikuwa haki yake. Alikuwa na kofia mpya. Vumbi halikumfuata tena. Maji yalipogusa bodi lilikuwa limekwisha, na uso wake ulikuwa safi kama wa mtu yeyote.

Boti isiyo na mzigo huelea juu. Hii ilikaa majini, ikatulia, kisha ikazama kidogo, kisha kidogo tena, mpaka maji yakaifikia ile mikono ya ubavuni. Msasa alikuwa amesimama majini, nguo ameikunja magotini, naye akaona vizuri kwa sababu maji yalikuwa maangavu. Vidole vyote vilivyokuwa vimetanuka vilijikunja. Havikujikunja kwa haraka. Vilishika.

Shoto alipanda na mabaharia wake, akawasha injini. Injini ikanguruma, maji yakachafuka nyuma, na boti haikwenda. Akaongeza moto, ikasogea kama mbuzi anayevutwa kamba. Akasema ni nzito, itabidi kila siku wanunue mafuta zaidi. Mabaharia wake wakasema kweli, itabidi.

Watu walikuwa wameachia, wamerudi nyuma. Mwalimu alikuwa bado ameshika ukingo. Alitembea sambamba na boti, maji yakampanda kiunoni, yakampanda kifuani, kidole chake kilichopinda kimeshika kidole kilichopinda. Mzee Okoa aligeuka akamwona.

"Achia, mwalimu," alimwambia. Hakumkemea. "Achia, mwanangu. Tutazama."

Mwalimu alimtazama. Kisha akaachia.

Boti ikatoka ghubani, upande wa kulia umeinama, polepole, ikiacha nyuma mkondo wa povu mpana kuliko umbo lake. Watu walipunga mikono. Walipunga kwa Mzee Okoa, au kwa watu wao waliokuwa ubavuni. Kwa mbali haikuwezekana kutofautisha. Mzee naye akapunga. Kisha wakatawanyika, kila mtu na shughuli zake, kwa kuwa siku ilikuwa bado changa.

Msasa aliingia majini mpaka alipokuwa mwalimu, akasimama kando yake. Akamshika mkono, na mwalimu akauacha ushikwe.

"Huwa inarudi saa ngapi?" mwalimu akauliza.

Msasa aliitazama ile boti, ambayo sasa ilikuwa doa la buluu.

"Ikishajaa," akasema.

Mwalimu alisema haya, basi atangoja.